Mihogo ya Katogota haiingii hospitalini

Kijiji kizima cha Katogota, hakuna aliyejua kuvundika mihogo kama Concilie. Aliirundika, akaifunika majani ya ndizi mpaka iote ukungu, kisha akaiparura kwa kisu, vumbi likimjaa kwenye kope. Bugali wake, ugali wa unga wa mihogo hiyo, ulikuwa laini, naye sifa hakuzikataa.

Binti yake Irakoze, wa miaka sita, alipolazwa Bujumbura kwa saratani ya damu, nyanya yake Pélagie ndiye aliyekaa naye. Concilie alikuja kuwaona na gunia la mihogo ambayo bado hajaiparura ukungu. Mikono mitupu kwa wagonjwa? Aibu! Akalisukuma chini ya kitanda.

Baadaye mtoto akashikwa na homa na kikohozi kikavu. Picha ikaonyesha ukungu umeota ndani ya mapafu.

"Dawa za saratani zimemaliza walinzi wa damu yake," dokta akasema. "Ukungu uko popote, mama, siwezi kusema ni gunia lako. Lakini litoke. Na weye usirudi hapa na vumbi la mihogo."

"Umetuletea shamba zima kitandani!" Pélagie akamfokea mkwe wake.

Concilie akalivuta gunia kutoka chini ya kitanda, akalitoa nje.

Akarudi nyumbani, kisu chake cha mihogo akampa jirani. Huko Bujumbura dawa ya ukungu ilipitishwa kwenye mshipa, na kila ikiingia mtoto alitetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Pélagie alikuwa anamwelezea kwa simu. Concilie alisikiliza kikohozi nyuma ya maneno, na simu ikikatika aliendelea kuishika sikioni.

"Concilie, umekuwa muzungu? Unaogopa mihogo!" majirani wakamcheka.

"Naiogopa. Weye kula yako, unyamaze."

Usiku alilala upande mmoja wa mkeka. Ule mwingine ni wa Irakoze.

Hatimaye dokta akasema mapafu yanasafishika, mama aje. Alioga mpaka ngozi ikawasha, akavaa kitenge kipya. Irakoze, kichwa kipara, macho makubwa, akaingiza pua shingoni mwake.

"Weye si maman. Maman ananukia mihogo."

"Ni mimi, mwanangu."

"Twende nyumbani basi, unukie vizuri."

"Bado. Mpaka dawa ziishe."

Mtoto akanusa tena, akatafuta hata kwenye nywele, hakupata kitu. Akalia. Concilie akamkumbatia, naye mwenyewe akaitamani harufu ile.