Aliyesaini Kabla Yangu Akheri

Sikuombi unihurumie, nakuomba uamini tu. Haya yalinipata mimi, mchana, na sahihi yangu ipo kitabuni mpaka leo.

Kazi hii nimejifunza mwenyewe, kwa simu na wasiwasi mwingi. Natunza mfumo wa majina ya wachangiaji damu wa hospitali moja hapa Arusha. Seva kuu, kompyuta inayotunza majina hayo, iko Moshono, ya pili iko Akheri, na kila jina linaloandikwa Moshono linanakiliwa kule papo hapo. Kuu ikinyamaza, ya pili inatakiwa ishike kazi yenyewe. Nakiri, hilo nililizima. Niliogopa siku moja zote mbili zijione kuu, kila moja iandike yake, kumbukumbu ziharibike. Nikataka ibadilishwe kwa mkono wangu tu, palepale Akheri, kwa nywila iliyo kichwani mwangu peke yangu. Nikajiona makini. Makini gani?

Siku moja ya mvua seva ya Moshono ikafa. Nesi akapiga simu: "Kaka, kuna mzazi anavuja damu, na sioni hata jina moja la mtu wa kumpigia! Fanya haraka!"

Nikapanda pikipiki. Karibu na Akheri nikateleza kwenye tope, nikaanguka. Sijui nilizimia muda gani. Nilipofumbua macho, ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na mtu anateremka kwa miguu. Koti langu. Mwendo wangu. Alipokaribia, niamini, uso ulikuwa wangu, ila hauna tope.

"Ulinyamaza," akasema kwa upole, "ikabidi niende mimi."

Akapita. Sikuweza hata kugeuka.

Nikachechemea hadi lango la jengo lenye seva. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mlinzi akacheka. "Wewe kijana na wasiwasi wako! Umerudi kujaribu kitasa tena? Si umetoka sasa hivi? Na hilo tope umelitoa wapi?"

Akanifungulia kitabu cha wageni. Jina langu, mwandiko wangu, wino bado mbichi. Ndani, seva ya Akheri ilikuwa imeshakuwa kuu, na nywila yangu iliingizwa wakati mimi nimelala topeni. Simu ikaita. "Asante, kaka," nesi akasema. "Damu imepatikana. Mama na mtoto wazima."

Nilikaa sakafuni nikalia.

Sasa seva zangu zinabadilishana zenyewe, na nimeweka ya tatu iwe shahidi, iamue ipi ni kuu. Mimi na yule hatuna shahidi. Wiki iliyopita mama yangu aliniuliza mbona nadai chakula wakati nimeshakula. Na katika kazi hii kuna sheria: seva iliyozimika ikirudi, haidai nafasi yake. Inaifuata iliyoishika. Niambie basi, aliyezimika ni nani?

Ukiwa na jambo ambalo watu watakufa usipokuwepo, usilifungie kichwani mwako. Mkabidhi mwenzako unayemjua, leo. Kwa sababu yule mwingine hasubiri kukabidhiwa.