Njia ya Chemchemi Tuliyoifyeka

Somo la siasa lilipogeuzwa jina likawa uraia, mwalimu wetu alisema uraia haufundishiki kwa chaki peke yake. Alikuwa mgeni, mtu wa Pwani, na baridi ya Rungwe ilimtesa waziwazi. Siku hizo za soko huria wazazi walikuwa wanaambiwa wachangie kila kitu. Yeye akasema sisi wanafunzi tutachangia mikono.

Tukachagua njia ya chemchemi. Ilipinda ovyo kati ya vichaka na matete, na mvua zetu ziliifanya utelezi mtupu. Tulifyeka pande zote mbili, tukachonga vidato kwenye udongo, tukanyoosha kona. Tulipomaliza, ungeweza kusimama juu ukayaona maji kule chini. Nilijivuna mpaka nikamleta mama aje aone. Mama alitazama, akaguna, akaniambia nichote maji kabisa maana nimeshafika.

Wiki iliyofuata kuna jambo lilinikera. Jirani yetu, mke mpya wa nyumba ya juu, mwenye mimba kubwa, hakupita tena pale. Nilimwona akipanda mlima kutoka mtoni, mbali kabisa, ndoo kichwani, akishikilia majani asiteleze. Mimi jambo nisilolielewa haliniachi nilale. Nikamfuata.

“Shikamoo dada. Kwani chemchemi ina nini?”

“Marahaba. Haina kitu.” Akatua ndoo, akahema. “Baba mkwe anapita njia ile kwenda kwenye shamba lake la chai. Zamani nikimsikia naingia kichakani mpaka apite. Sasa nijifiche wapi, mdogo wangu?”

Nilicheka kwa mshangao, kisha nikaingiwa na hofu. Sote tulijua kwamba mke mgeni hakutani na baba mkwe wake ana kwa ana. Lakini sisi watoto hatukuwa na wa kumkwepa, basi katika kufyeka kote kule hakuna aliyejiuliza vile vichaka vinamsaidia nani. Na ule mlima wa mtoni, kwa tumbo lile!

Nilipomweleza mwalimu alidhani namtania. Akauliza maswali mengi kuliko mimi: je, wakikutana dukani? Je, kanisani? Mwishowe akasema kazi yetu haijaisha, na safari hii tutaanza kwa kumuuliza mwenye kuchota. Kesho yake darasa zima tulishuka na vipande vya matete vya kupanda. Dada yule, kwa haya nyingi, akatuonyesha kwa kidole: hapa penye kona, pale karibu na maji. Kadiri tulivyomsikiliza, ndivyo kidole kilivyozidi kunyooka.

Alikuwa ameshajaza ndoo yake kikohozi kiliposikika juu ya njia. Mzee alikuwa anashuka. Matete yetu hayakufika hata magotini. Dada akaganda, akitazama huku na huku.

Sijui nani alianza. Tulijipanga bega kwa bega, mwalimu akiwa katikati, naye dada akatua ndoo akachuchumaa nyuma yetu. Mzee akafika, macho ameyaelekeza bondeni.

“Mugonile,” akatusalimia.

“Shikamoo babu!” tukaitika wote.

Akapita polepole, akikohoa kuliko ilivyohitajika. Nyuma yangu dada alikuwa ameishika sketi yangu kwa mikono miwili, nami nilisimama wima kuliko nilivyowahi kusimama mbele ya bendera.