Sekunde Tisa Nilizozikata

Ijumaa moja, saa nane mchana, mtu aliuawa ndani ya studio yangu huku mashine inarekodi.

Sikujua kama bado inarekodi. Ningejua, ningeitupa chini kutoka ghorofa ya sita.

Naitwa Wagihi. Ni prodyuza wa muziki wa mtaani, Matariya, Kairo. Msije mkadhani ni studio ya maana. Ni chumba cha juu ya paa, jirani na banda la njiwa la babu, ukutani nimegongelea trei za mayai na mablanketi makuukuu. Ila nyimbo za mle ndani zimerusha harusi nyingi tu.

Mwimbaji wangu alikuwa Tolba, rafiki yangu tangu tunavaa kaptula. Jamaa alikuwa na sauti, jamani. Akiimba bila maiki, watu wa ghorofa ya pili wanafungua madirisha.

Mwaka ule tulijichanga tukaenda Ataba kununua saundi kadi, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta. Tulibishana dukani mpaka muuzaji akaagiza chai.

"Chukua hii ya tundu moja," Tolba ananiambia. "Cheki inavyowaka taa. Nikiipiga picha tu, wapinzani wanalia."

"Unaimba na taa au na sauti?"

"Mdomo mmoja, tundu moja. Hesabu gani hapo imekushinda?"

"Na ngoma nitairekodi kwa pua?"

Muuzaji akapaliwa na chai. "Huyu mrefu ana akili," akasema. "Wengi wananunua taa, mwezi ujao wananirudia hapa wananuna."

Tukachukua ya matundu mawili. Maiki moja ya Tolba, ya pili nikaining'iniza darini juu ya ngoma.

Ikaja programu ya kurekodia. Tolba alitaka ile ya wizi, inayotumiwa na mtaa mzima, inayojizima katikati ya wimbo. Mimi nikachagua nyingine ya bei ndogo. Ilikuwa na sura mbaya kama fomu ya serikali, lakini inaandika sauti kwenye diski palepale unaporekodi. Na hata ukikatakata wimbo vipi, rekodi ya mwanzo haiigusi.

"Mbaya kama wewe," Tolba akasema. "Haya, lipa twende."

Sasa sikilizeni balaa lilipoanzia.

Kwetu wimbo hauanzi na biti, unaanza na salamu. Mwimbaji anawataja wanaume wa mtaa mmojammoja, kwa vyeo vyao. Ukimtaja mtu umempandisha. Ukimruka umemvua nguo.

Wimbo wetu mpya ulikuwa na salamu ndefu mno. Nikaona mitandaoni hakuna atakayesubiri, nikakata kipande cha katikati bila kumwambia Tolba. Sikusikiliza hata kilichomo. Kilikuwa na jina la Zanati.

Zanati ndiye alikuwa mbabe wa stendi ya bajaji. Usoni ana makovu matatu, na aliyemchora kovu la tatu hana mkono.

Alhamisi wimbo ukapigwa harusini. Zanati akasimama katikati ya watu, kifua mbele, anasubiri kutajwa. Akatajwa Fikri wa soko la mboga, hasimu wake. Kisha biti ikaingia. Mtu mmoja akacheka kwa sauti, na Zanati akavuka uwanja akamvunja taya palepale.

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, tukiwa tunarekodi, mlango ukafunguka kwa teke.

Zanati kaingia na panga. Nyuma yake mdogo wake, Madbuli, na panga lingine na mbwa mkubwa kwenye mnyororo.

Pigo la kwanza liliikata maiki ya Tolba, ikaruka na stendi yake. La pili likaangukia kompyuta, kioo kikapasuka, kukawa giza kwenye skrini.

"Nani kalikata jina langu?" Zanati akauliza.

Hatujajibu, Madbuli akashusha panga. Likampasua Tolba shavu kutoka sikio hadi kidevu, nikaona meno yake kwa pembeni. Mbwa akaachiwa. Mimi nikamrukia yule mbwa, nikamkaba shingo, nikamburuta mpaka nje kwenye banda la njiwa ili asimmalize rafiki yangu. Tukagaragazana na mbwa huko, njiwa wanaruka kila upande.

Niliporudi ndani, Zanati alikuwa chini, panga limezama tumboni mpaka kwenye mpini. Tolba amepiga magoti, damu mpaka viwikoni, anaziba jeraha kwa blanketi la ukutani.

"Usife, bosi," anamwambia. "Tafadhali usife hapa."

Madbuli yuko dirishani anapiga yowe mtaa mzima usikie. "Tolba kamuua kaka yangu! Tolba kaua!"

Zanati alikata roho kabla majirani hawajamaliza ngazi. Walimkuta Tolba ana damu ya marehemu mwilini. Walimpiga kwa matofali, kwa viti, kwa mnyororo wa mbwa. Polisi walipomchukua alikuwa anakokotwa.

Kwetu kosa la namna hii ni kitanzi. Mama Tolba alilijua hilo kabla ya wakili. Alikaa kwenye ngazi zangu akijipiga kichwa ukutani mpaka damu ikamtoka.

"Wagihi mwanangu, wewe ulikuwepo," akaniambia. "Waambie."

Niliwaambia. Nilisema Madbuli ndiye muuaji. Wakaniuliza umeona? Nikasema nilikuwa nje na mbwa. Wakaandika: rafiki wa mshtakiwa, hakuona.

Wiki mbili baadaye nikaiunganisha kompyuta kwenye televisheni ya mama, nione kama imepona. Ikawaka. Na ile programu yenye sura ya fomu ikanionyesha rekodi ya Ijumaa, dakika ishirini na sita. Kilichopasuka kilikuwa kioo tu. Maiki ya Tolba ilikuwa kimya tangu pigo la kwanza, lakini ile ya ngoma ilisikia kila kitu.

Nikavaa hedifoni.

Tolba anapiga kelele, "Madbuli, angalia kaka yako!" Panga linapita hewani. Kisha sauti ya Zanati, taratibu, kama mtu anayeshangaa: "Madbuli... umeniua mimi?"

Na Madbuli analia. "Kaka, wallahi nilimlenga yeye! Kaka!"

Nililia kwa furaha. Tolba ameokoka!

Kisha nikarudisha nyuma, nisikilize toka mwanzo.

Ndugu zangu, pale juu nimewadanganya, kama nilivyowadanganya polisi na Mama Tolba. Hakuna mbwa niliyemburuta. Hiki ndicho kilichorekodiwa.

"Nani kalikata jina langu?"

Halafu sauti yangu, nyembamba, siitambui: "Si mimi, bosi! Ni Tolba! Yeye ndiye aliyesema likatwe! Mchukueni yeye, mimi niacheni!"

Halafu miguu inakimbia. Mlango unabamizwa. Na kitasa cha chuma kinasukumwa kwa nje.

Niliwafungia. Niliogopa mbwa asinifuate, nikamfungia Tolba chumba kimoja na mapanga mawili na mbwa, nikajificha nyuma ya banda la njiwa nimeziba masikio. Nilikuja kufungua kitasa pale niliposikia majirani wanapanda.

Sekunde tisa, nilizipima.

Nikafanya kile ninachojua kufanya. Nikazikata. Nikaunganisha vizuri, nikajaza mbweko wa mbwa kwenye mshono, ukisikiliza hujui. Nikaondoa hata mvumo wa chumba. Nikampelekea wakili wetu, Bi Ibtisam, nikiwa nimenyoosha kifua.

Akasikiliza, akanishika mkono. "Umemtoa mwenzio kwenye kamba, Wagihi."

Mtaani nikawa shujaa. Mama Tolba akanipikia bamia, akaninawisha mikono mwenyewe.

Mtaalamu wa mwendesha mashtaka hakuhitaji hata nusu saa. Aliandika kwamba rekodi imeunganishwa na imechezewa, haifai. Bi Ibtisam aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Ya mwanzo iko wapi?"

"Imefutika."

"Niangalie usoni. Wewe si uliniambia programu yako haifuti kitu?"

"Imefutika, Bi Ibtisam."

Akanitupia jalada kifuani. "Basi mtamnyonga wenyewe. Toka."

Siku zikaanza kupita. Kila asubuhi nasema leo nitaipeleka. Kila jioni naiona sura ya Mama Tolba, nawaona vijana wa mtaa, naisikia ile sauti yangu nyembamba, naahirisha. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuogopa panga.

Siku ya kumi na saba, simu.

Binamu wa Zanati alikuwa mahabusu ileile. Alinoa mpini wa kijiko kwenye sakafu, akamvizia Tolba kwenye foleni ya maji, akamchoma kooni mara tatu. Akampanda kifuani akamchoma ya nne. Wafungwa walimtoa kwa mateke na ndoo. Tolba alipelekwa hospitali akiwa anapumua kupitia tundu la shingo.

Nilikata simu. Kisha nikachomoa diski yote kutoka kwenye kompyuta, nikaenda nayo mikononi mpaka kwa Bi Ibtisam, nikamwekea mezani.

"Hii ndiyo ya mwanzo," nikasema. "Mle ndani nipo mimi."

Mahakamani, walioitwa kusikiliza ni wengi. Mama Tolba alikuwa benchi la mbele. Zikafika zile sekunde tisa. Kitasa kiliposukumwa, yule mama aligeuka polepole, akanitafuta kwa macho, akavua kiatu.

Alinipiga mbele ya hakimu. Usoni, kichwani, mdomoni, jino moja likalegea. Askari walichelewa kumshika, na nadhani walichelewa makusudi. Sikuinua mkono.

"Mikono hii imekunawisha!" alikuwa anapiga kelele. "Mikono hii!"

Tolba akaachiwa huru. Madbuli akachukua nafasi yake.

Miezi miwili baadaye Tolba alipanda ngazi za kwetu. Nilisikia hatua, nikasimama nikiwa na uhakika amekuja kuniua. Sikufunga mlango.

Ana kovu la shavu, na shingoni matundu manne. Alikaa juu ya ndoo ya nafaka za njiwa. Alipofungua mdomo ilitoka pumzi tu, mikwaruzo, ikabidi nisogee karibu nimsikie.

"Ulidhani sikukusikia siku ile?" akasema. "Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako, mjinga wewe."

Jamani. Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilimficha mtu jambo ambalo lilisemwa masikioni mwake.

"Mbona hukuwaambia polisi?"

"Niliwaambia ulipigana na mbwa. Nilisikia ndivyo ulivyosema, nikakubaliana na wewe. Mtu akiona panga anaogopa, Wagihi. Hata mimi nilijikojolea. Hilo nilikusamehe kabla damu haijakauka."

Nikaanza kulia. Akanishika kola, akanivuta mpaka paji langu likagonga lake, kwa nguvu, mara mbili.

"Lakini zile siku kumi na saba," akasema. "Nilikuwa mzima siku zile. Nilikuwa naimbia wafungwa. Ulikuwa na ufunguo wangu mfukoni, unaona aibu. Hizo nifanye nazo nini? Niambie wewe, nifanye nazo nini?"

 Akaniachia, akashuka.

Wewe unayesoma hapa, na najua mko wengi mnaoficha kitu, sikiliza. Uoga wako watu wanaweza kukusamehe. Ila zile siku unazojificha nyuma ya uongo, kuna mtu mwingine anazilipia kwa mwili wake. Kaseme leo. Funga simu, nenda kaseme.

Daktari amesema sauti haitarudi. Tolba sasa ni fundi wa friji, na kwenye mlango wa karakana yake amebandika karatasi: gongeni kengele, mimi siwezi kuitika.