Nilivyounga bodi tatu za gemu kwenye kabati moja, mayai ya mama yakaishia humo

Wakuu, habari za humu ndani.

Naanza na ujinga wenyewe ili msiseme nimeuficha. Nilichomoa pawa sapulai, kile kiboksi cha kulisha umeme, ya incubator ya mama ya kuangulia vifaranga, ndani kukiwa na mayai sitini, siku ya kumi na tisa. Wafugaji mshaelewa. Zilibaki siku mbili vifaranga watoke.

Sitaongeza chumvi. Pacha wangu Doto ni memba humu, nikidanganya ananianika kwenye comment ya kwanza.

Niko form three, tunaishi Kharumwa. Likizo hii mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa alinipa kabati la gemu, yale ya kucheza umesimama, yenye kioo cha kichogo. Lilikaa stoo kwake miaka, panya wakahamia. Nilimsafishia stoo, akanipa kabati na bodi tatu za gemu: ya mpira, ya magari na ya ndege za angani.

Tatizo, kabati linapokea bodi moja tu. Ukitaka gemu nyingine unafungua mlango wa nyuma, unachomoa plagi ndefu yenye pini hamsini na sita, unaihamisha. Ukiigeuza kwa bahati mbaya, umeunguza.

Fundi redio mmoja wa Kahama akaniagizia switcher. Bodi zote tatu zinachomekwa kwenye switcher, switcher inachomekwa kwenye kabati, ukibonyeza kitufe gemu inabadilika. Basi.

Nikaunga, nikawasha. Mpira ukaja, ukazima. Ukaja, ukazima.

Kumbe switcher inawasha bodi zote kwa pamoja, hata kama kwenye kioo unaona moja. Pawa sapulai ya kabati ilikuwa imezeeka, ikazidiwa. Nilihitaji ya kompyuta, na nyumbani ilikuwepo moja tu.

Sasa niwaeleze kuhusu mama. Incubator yake ni friji bovu, fundi alimwekea taa mbili za gari, feni, thermostat ya kuwasha na kuzima taa, na hiyo pawa sapulai. Mara ya kwanza mayai yote yaliharibika, mtaa ukamcheka wiki nzima. Kuna jirani mpaka leo akipita anauliza, "Mama Kulwa, friji bado linaatamia?" Hii ilikuwa mara ya pili. Mama alishasema ikifeli na hii, friji linatolewa nje na neno kuku lisitajwe kwake.

Alikuwa ameenda msibani Tinde, siku mbili. Alipotoka getini alisema, "Kulwa, mayai."

Nikajiambia nusu saa tu. Najaribu, narudisha.

Wakuu, gemu tatu zikakubali. Nabonyeza, mpira. Nabonyeza, magari. Nabonyeza, ndege. Nilicheka peke yangu kama chizi. Nadhani nilibonyeza mara arobaini bila kucheza hata gemu moja.

Doto akachungulia. "Kulwa, mbona friji limenyamaza?"

Nilikuwa nimepitiliza saa nzima.

Nikakimbia kurudisha. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba nyaya za fundi zote zilikuwa nyekundu, na mimi nilizikata bila kuweka alama. Nikaunga kwa kukisia. Thermostat ikatoa harufu ya plastiki, ikafa.

Kuna mtu atauliza kwa nini sikuziwasha zile taa moja kwa moja. Nilijaribu friji likiwa tupu, joto likapanda vibaya, na sikuwa tayari kukaa siku mbili nachomeka na kuchomoa waya. Ndiyo, najua, baadaye nilikaa siku mbili nabonyeza kitufe. Lakini hicho kitufe kilikuwa na gemu.

Mayai yalikuwa kwenye trei juu ya kitanda, tumeyafunika blanketi. Mimi nimekaa chini nimeshika kichwa. Pawa sapulai nilikuwa nimeirudisha kwenye kabati ili nione kama nayo imekufa. Doto akapitisha mkono ndani ya kabati, juu ya kioo.

"Huku kuna joto kama tumbo la kuku," akasema.

Tukaweka kipimajoto cha mama. Thelathini na saba na nusu. Wakuu, siyo thelathini na sita, siyo arobaini. Ile ile ya incubator.

Nikapigilia kibao juu, mbali na ule waya mnene wa nyuma ya kioo (usiuguse kabisa, unarusha mtu), trei zikapanda, chini tukatandika kitambaa kibichi kwa ajili ya unyevu.

Halafu tukagundua jambo ambalo fundi yeyote humu akibisha namkaribisha aje apime. Gemu ya mpira uwanja wote unang'aa, kioo kinachemka, joto linapanda. Gemu ya ndege ni giza na vinyota, joto linashuka. Switcher yangu ikawa ndiyo thermostat.

Doto akakaa nyuma na kipimajoto, akawa mkubwa wa kambi. "Imepanda, weka ndege." "Imeshuka, rudisha mpira."

Wachezaji hawakukosekana. Habari zilishasambaa mtaani, na wa kwanza alikuwa Ngosha, kijana mchimbaji, alikuja na udongo wa duara, yaani shimo la machimbo, bado magotini. Yuko mbele mbili moja, anakwenda kufunga la tatu, Doto akaamuru ndege.

"Doto, dada yangu, niache nifunge."

"Thelathini na nane na nusu. Unataka supu?"

"Sekunde tano tu."

"Ngosha, hao ni watoto wa mama yangu."

Nikabonyeza. Ngosha akashika kiuno, akaangalia vinyota kama mtu aliyefiwa. Bahati mbaya zaidi, bodi zote zinakuwa hai, kwa hiyo aliporudishiwa mpira akakuta kafungwa manne.

Siku ya pili umeme ulikatika. Ngosha akavua koti lake, akafunika kabati, akalikumbatia kwa nyuma mpaka umeme uliporudi. Jamaa alishasahau mpira kabisa.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja tukasikia "pii". Tulirukaruka mle ndani kama tumechaguliwa timu ya taifa.

Mama akatokea vifaranga wakiwa arobaini na mmoja. Hakupita sebuleni, alienda moja kwa moja kwenye friji. Tupu. Sote tukaacha kucheza. Nikasema shikamoo, akageuka mkono bado uko kwenye mlango wa friji. Doto akaninyooshea kidole, kisha akanyooshea kabati.

Mama akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti, akakaa pale muda mrefu kichwa kiko ndani. Alipokitoa macho yalikuwa yamelowa, na kifaranga amemshika kiganjani.

Funzo langu: weka alama kwenye nyaya kabla hujakata, na cha mama kiache kilipo. Waliowahi kuunga bodi nne au zaidi nishaurini kuhusu pawa, na wenye kunitukana nao waje, nimejiandaa.

Na kwa kuwa najua mtauliza, mama alisema hivi, neno kwa neno:

"Nani kawaambia mwache kucheza? Bado mayai kumi na tisa. Wewe Kulwa, nitakuchapa yakiisha."