Kitabu cha Mahali pa Kuogelea

Jumanne, kwenye kaunta ya mchapaji mmoja wa Katwe, nilisimama nyuma ya polisi mstaafu. Alikuwa amejichapishia kitabu cha kuwaelekeza watu mahali pazuri pa kuogelea ziwani, na sasa mashine ilikuwa ikimtolea nakala zaidi. Mama mmoja, aliyekuja kuchapisha picha kubwa ya mwanamume, aliliona jalada.

“Hiyo kitabu, ni wewe umeandika?”

“Ni mimi, mama,” akajibu akitabasamu.

“Bwana yangu alisoma. Akaenda kuogelea pale karibu na Port Bell, maji ikamchukua. Tulizika yeye Jumamosi.”

Mzee akavua kofia, akamgeukia mchapaji. “Simamisha mashine. Toa hiyo ukurasa ya Port Bell.”

“Nitatoa, afande. Na zile watu walishanunua?”

Nami, ninayewaandikia safu hii kila wiki, niliondoka bila kununua karatasi niliyoifuata.