Kondoo wa Akika na Dagaa wa Ggaba

Duka langu la kuchanganya vyakula vya mifugo liko chini ya kilima cha Nsambya, jirani na nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Wateja wangu wengi wanafuga kuku, wachache nguruwe. Mtu wa kondoo ni nadra. Kwa hiyo alipoingia bibi mmoja wa Kinubi, wa wale ambao wazee wao waliletwa Uganda kutoka Sudan wakiwa askari wa mkoloni, akauliza habari za kondoo, niliacha koleo nikamvutia kiti.

"Binti yangu," alisema baada ya salamu ndefu, "nipe dawa ya kukuza kondoo."

"Anaumwa, haboba?" Haboba ni bibi kwa Kinubi, na mtaani kwetu hata sisi tusio Wanubi tunamwita hivyo.

"Haumwi. Anakula. Hii kondoo anakula kama askari, lakini mwili hakuna."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akanieleza polepole. Binti yake alipata uchungu mgumu wa uzazi hospitalini, pale kilimani. Mama mtu alikaa nje kwenye benchi, na katika ile hofu akaweka nadhiri: mama na mtoto wakitoka salama, na kondoo wake mwenye mimba akizaa dume, basi dume huyo ndiye atakayechinjwa kwa akika ya mtoto. Akika ni ile sadaka ya kumshukuru Mungu kwa mtoto aliyezaliwa. Watu wengi huifanya siku ya saba, lakini inaweza kungoja. Mtoto wa kike akatoka salama, na mama yake pia. Kondoo naye akazaa dume.

"Lakini mama wa huyo dume akala kaveera," alisema. Kaveera ni mfuko wa plastiki, na Kampala umeua kondoo na ng'ombe wengi kwa kuziba matumbo yao. "Akafa, mtoto bado ananyonya. Tangu siku hiyo huyu dume kasimama pale pale. Sheria inataka mnyama mzima, aliyetimiza umri. Mkondefu hafai. Umri unakaribia, yeye bado kama wa juzi."

"Si ungenunua mwingine?"

Alinitazama kama mtu anayemhurumia mwenzake. "Wa kununua atakuwa kondoo, binti yangu. Hatakuwa ahadi yangu."

Jioni nikafunga duka nikaenda kwake. Kondoo alikuwa amefungwa karibu na pipa la maji, mbele yake lundo la maganda ya matoke, majani ya viazi vitamu na beseni la pumba za mahindi. Tumbo lilikuwa la mviringo, limekaza. Nikampapasa mgongoni, nikauhisi kila mfupa. Nikamfunua kope, ndani kulikuwa kwekundu vizuri, ishara kwamba damu inamtosha, na haboba akaniambia daktari wa mifugo alishampa dawa ya minyoo. Ugonjwa hakuwa nao. Njaa alikuwa nayo, ya aina ambayo tumbo likijaa haiondoki.

Jambo hili nimewaeleza watu wengi, na kila mara hutafuta mfano ulio karibu na mikono yao. Wa haboba alikuwa nao mapajani. Alikuwa anasuka kawa, ule mfuniko wa chakula ambao wanawake wa Kinubi husuka kwa ukindu wa rangi nyingi, nyekundu, kijani, zambarau, kila rangi na zamu yake.

"Haboba, ukindu mwekundu ukikwisha hapo ulipofika, utafanya nini?"

"Nitasimama."

"Hata kama kijani unacho gunia zima?"

"Gunia la kijani litanisaidia nini? Ua hili linataka nyekundu."

"Basi na nyama inasukwa hivyo hivyo."

Nikamwambia kwamba misuli ya kondoo, na yangu, na ya mjukuu wake, inajengwa kwa protini, na protini ni nyuzi zinazosukwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Viko vya aina ishirini hivi. Vingine mwili hujitengenezea wenyewe, vingine lazima viingie kwa mdomo. Kimoja kikipungua, kusuka kunasimama, hata vingine vikifurika. Katika pumba za mahindi kinachopungua zaidi ni kile kiitwacho lisini. Maganda ya matoke nayo yana protini kidogo mno. Maziwa ya mama yake yalikuwa na rangi zote, zimepangwa tayari. Siku mama alipokufa, fundi aliyekuwa ndani ya kondoo akaishiwa nyekundu, akaketi.

Haboba aliweka kawa chini. Akamwangalia kondoo kwa muda. "Maskini," akasema, "kumbe ananisubiri mimi."

Kisha akainuka, akaja na swali ambalo nilijua litakuja. "Jirani yangu wa kuku ananunua kwako unga mweupe wa hiyo lisini. Nipimie na mimi. Nichanganye kwenye pumba, kesho anenepe."

"Kwa kuku sawa. Kwa kondoo wa umri huu hautafika."

"Hautafika wapi? Koo si hilo hapo?"

Ilibidi nimsimulie jambo ambalo nililiona nikiwa mwanafunzi na ambalo mpaka leo linanisisimua. Chuoni kulikuwa na ng'ombe aliyefanyiwa upasuaji ubavuni, akawekewa tundu lenye kizibo cha mpira, ili wanafunzi wachunguze tumbo lake la kwanza. Alikuwa mzima kabisa, anacheua huku tumemzunguka. Mwalimu akaniambia nivae glavu ndefu niingize mkono. Nikauingiza mpaka begani. Mle ndani kuna joto kuliko kwapa, na kunatembea. Kuta zinasukuma, majani yanapanda na kushuka kama chungu kinachochemka polepole. Nikatoa maji kidogo, tukaweka tone moja chini ya hadubini. Sikuamini. Tone lile lilijaa viumbe, wengine wenye vinywele vinavyopiga makasia, wengine wadogo kama nukta, wote wana haraka, wote wana kazi. Mnyama tuliyemdhania anakula majani, kumbe alikuwa anawalisha hao. Wao ndio wanaokula majani. Halafu wanasombwa kwenda matumbo ya mbele, na yeye anawala wao.

Haboba alifunika mdomo kwa mtandio. "Banange! Kwa hiyo tumboni kuna wapangaji?"

"Wapangaji wengi kuliko watu wa Kampala yote. Ukitia lisini ya unga, wao wanaikuta kwanza, wanaivunja. Wanaipata wao, mwenye nyumba anabaki na kidogo sana."

"Na maziwa je? Hayo hawakuyaiba?"

Swali hilo lilinifurahisha mno. Nikamwambia maziwa hupita njia ya peke yake. Mwana-kondoo akinyonya, mfereji mdogo ulio juu ya tumbo la kwanza hujikunja ukawa bomba, na maziwa yakateleza moja kwa moja hadi tumbo la nne bila kuwagusa wale viumbe. Akiacha kunyonya, bomba linafunguka. Hakuna anayemfundisha. Kila nikilitaja jambo hili mbele ya watu naona aibu kidogo kwa jinsi sauti inavyonitetemeka, lakini haboba hakunicheka. Alisema tu, "Subhanallah."

Huyu dume alikuwa ameshavuka umri wa bomba. Kilichobaki ni mambo mawili. La kwanza, kuwalisha vizuri wale wapangaji ili waongezeke, kwa maana miili yao wenyewe ni protini nzuri. Hilo tungelifanya kwa majani mabichi ya jamii ya kunde na mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. La pili, kumpa protini ambayo wapangaji hawaimalizi upesi, ili nyingine ivuke salama mpaka mbele. Kuna lisini inayovishwa ganda la mafuta kwa kazi hiyo, ila dukani kwangu haijafika. Lakini kulikuwa na kitu kingine, chenye lisini tele na methionini, ambayo ni rangi nyingine inayopungua mara nyingi, na ambacho wapangaji hukitafuna taratibu. Nacho kilikuwa kimeanikwa juani Ggaba, ufukweni mwa ziwa.

"Dagaa," nikasema. "Mukene. Wa kusaga, kiasi kidogo kwenye pumba."

Uso wa haboba ulifungika kama dirisha.

"Samaki? Kondoo wa akika ale samaki?"

"Kidogo, haboba."

"Hapana. Kondoo ni mla majani. Mnyama akila uchafu, nyama yake inachukiza. Nimlishe vitu vya kunuka, halafu nimsomee jina la Mungu? Hapana, binti yangu. Bora abaki mkondefu."

Sikubishana. Elimu yangu ya tumbo la kondoo haikunipa ruhusa ya kumwamulia mtu ibada yake. Nikamwambia tu aende akamuulize shehe anayemwamini, mimi nitangoja jibu lolote. Nilirudi nyumbani nikijua kabisa kwamba akikataa, dume yule hatafikia kuchinjwa kwa akika, na bibi yule atakaa na nadhiri isiyotimia hadi mwisho wake.

Baada ya swala ya Ijumaa alikuja dukani, amebeba mfuko mtupu. "Shehe anasema samaki ni safi hata akifa mwenyewe. Anayechukiza ni mnyama anayekula najisi. Lakini akaniuliza: hao dagaa wanaanikwa wapi? Nikamwambia sijui. Akasema, basi kaone kwa macho yako."

Tukaenda Ggaba pamoja. Dagaa wengi pale huanikwa chini, juu ya mchanga, ambako mbwa, bata na watu wote hupita. Haboba alitembea katikati yao amekunja sketi, akitikisa kichwa. Alimkuta mama mmoja Mkongomani, mfanyabiashara mwenye kilemba cha kitenge, ambaye dagaa wake walikuwa juu ya nyavu zilizotandazwa kwenye vichanja vya miti. Haboba akainama, akachungulia chini ya nyavu. Akachukua dagaa mmoja, akamvunja, akamnusa. Akasugua vidole kutafuta mchanga.

"Mama, unanunua samaki ao unamuposea kijana wako muke?" Mkongomani akauliza.

"Nataka walio safi. Ni wa kondoo."

"Wa kondoo!" Yule mama akapiga makofi, akawaita wenzake wasikie. "Kampala mambo haiishe! Kwetu kondoo anakula majani, huku anakula mboga ya watu!"

"Ni kondoo wa akika," haboba akajibu kwa heshima zote. "Hawa hawajagusa chini?"

Mkongomani akaacha kucheka. Sidhani alijua akika ni nini, lakini aliielewa sauti. "Yaya," akasema, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, "miye ni mtu wa kanisa. Nauzisha samaki, siuzishe zambi. Chini haiguse hata mumoja." Akamchagulia wale wakavu zaidi, wanaovunjika kama vijiti.

Tukawasaga dukani kwangu kwenye mashine niliyoiosha mara mbili kwa kuambiwa. Kondoo alinusa mchanganyiko, akageuza shingo, akaenda kusimama pembeni kama aliyetukanwa. Haboba akanigeukia. Nikamwambia asimlazimishe, atie chembe tu, na molasi kidogo juu, aongeze kadiri anavyozoea. Alimlisha kwa kiganja chake, akimwimbia kitu kwa Kinubi. Kwanza akalamba molasi. Halafu akasahau kwamba amekasirika.

Mabadiliko ya mnyama hayaonekani yanapotokea. Unapita, unapita, huoni kitu, halafu siku moja mkono unakwenda mgongoni kwa mazoea na mifupa haipo. Mimi ilinitokea hivyo. Nilikuwa naongea na haboba habari za mvua, mkono wangu uko juu ya kondoo, nikakatiza maneno katikati. Nilibonyeza tena. Chini ya ngozi kulikuwa na nyama, imara, yenye joto, ambayo majuma machache nyuma haikuwepo popote duniani. Au tuseme ilikuwepo, imetawanyika: nyingine ikiogelea ziwani, nyingine ikiota shambani kama mahindi na pamba. Imekusanyika hapa, ikawa mgongo. Na hakuna mtu aliyeisuka. Sisi tulileta ukindu tu.

"Umeona," haboba alisema. Hakuwa anauliza.

Shehe alikuja mwenyewe siku ya akika. Akamfunua dume midomo akaangalia meno, akampapasa kiuno, akamtembeza aone miguu. "Huyu anafaa," akasema, na haboba, aliyekuwa amesimama wima muda wote huo, akaketi ghafla chini kwenye mkeka. Hakushuhudia kuchinja. Alikaa ndani na mjukuu wake, akaniambia mimi nisimame mahali pake, na nilisimama. Si kweli kwamba aliyeuona ule mgongo ukijengeka anaweza kutazama kisu bila kuona uchungu. Lakini ilifanywa kwa upole, kwa haraka na kwa jina la Mungu, kama alivyoahidi.

Nyama ilipikwa, majirani wakagawiwa. Mtoto alikuwa ameshaota meno mawili ya chini. Mama yake alimtafutia kipande laini kutoka kwenye mchuzi, akakichambua nyuzi nyuzi kwa vidole, akamtia mdomoni. Mtoto akakizungusha, akakunja uso, akatafuna kwa ufizi kwa bidii kubwa. Nilimtazama akimeza. Nilijua kitakachofuata: tumbo lake dogo lingeifumua ile nyama kipande kwa kipande, lisini huku, methionini kule, na kabla ya kesho vingekuwa vimeanza kusukwa upya, safari hii kuwa yeye.

"Binti yangu, mbona huli?" haboba aliniuliza. "Chakula kinapoa."

"Nakula, haboba," nikasema. Lakini yule mtoto alikuwa amefungua mdomo tena, anataka kingine, na sikuweza kuondoa macho.