Mawingu Hayatulii Hivyo

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na kila theluji ya kwanza inapoanguka hapa Minnesota hunirudia yote, pamoja na harufu ya miti iliyoloa. Najua ninyi vijana wa mji huu wa Crystal mmeanza kuniita mzee, ingawa bado niko kwenye arobaini na magoti yangu hayajagoma. Lakini kwa mtu aliyeishia kidato cha nne nimetembea nchi nyingi, na kama jina hilo linanipa ruhusa ya kukukalisha chini kidogo, nalipokea.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho. Ugonjwa huo hula kingo za kile unachokiona, mpaka mtu abaki akiitazama dunia kama anayechungulia kwenye bomba. Ndugu na majirani kule Meru walitusaidia, nikampeleka India. Daktari wa Delhi alimpima, akampa dawa ya matone, kisha akatuambia kwa upole kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda. Lini, hakujua.

Tulipotoka nje, nilidhani Mama angelia. Badala yake akaniuliza kama ile milima ya theluji iliyokuwa kwenye kalenda ya ukutani kwa daktari iko mbali.

"Mama, sisi tumekuja kwa matibabu."

"Na majibu tumepewa," akasema. "Sasa nataka kuona kitu."

Binamu yangu Kinoti alikuwa akisoma chuo huko Dehradun, mji ulio chini ya milima ya Himalaya. Tulipanda treni hadi kwake, naye akatupandisha kwa basi mpaka Mussoorie, mji uliokaa juu mgongoni mwa mlima kama mtoto aliyebebwa. Tulikuwa na siku hiyo moja tu. Kesho yake ilikuwa ya kurudi Delhi, kisha nyumbani.

Tukaingia njia ya msituni. Mwanangu, sijui nikueleze vipi msitu ule. Mierezi ilikuwa mirefu hadi shingo inauma, na mialoni imefuga ndevu za kijani. Kulikuwa na miti mingine ambayo mpaka leo sijui jina lake kwa Kiswahili, imechanua maua mekundu makubwa kama ngumi, na yaliyoanguka yametandazwa njiani kana kwamba bibi harusi atapita. Tumbili wa rangi ya fedha wenye nyuso nyeusi walitutazama kutoka juu bila haraka. Ukungu ulipita katikati ya mashina, nasi tukajikuta tunaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Mama hakuweza kuona miguu yake. Upande mmoja wa njia ulikuwa mlima, upande wa pili bonde ambalo sikuthubutu kulichungulia. Kwa hiyo nilimshika mkono nikawa namwitia njia: "Jiwe. Mzizi. Hapa panashuka. Inua mguu."

"Anti, huyu anatangaza mechi ya redio!" Kinoti akacheka mbele yetu. "Kazi ya kutangaza mpira inamngoja Nairobi."

"Mwache atangaze," Mama akajibu. "Leo yeye ndiye macho yangu ya chini."

Mara tukasikia kengele nyuma yetu. Kinoti akatuvuta. "Upande wa mlima, bro! Upande wa mlima! Nyumbu hawaombi radhi." Tukajibana ukutani, nyumbu wakapita na mifuko yao ya saruji, mmoja akanisugua tumbo. Mama alicheka hadi akashika kifua. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Delhi.

Tulifika mahali palipo wazi, penye benchi la mawe, ambapo Kinoti alisema theluji huonekana. Nikatazama. Kulikuwa na kilima, nyuma yake kilima kingine, halafu ukungu, halafu mawingu. Basi. Tukangoja. Kinoti akaanza kuangalia saa kwa sababu ya basi la kurudi. Mimi niliyekulia chini ya Mlima Kenya nilijiona fundi wa kutafuta milima. Nikakagua pale pote ambapo mlima hukaa, mara mbili, na moyo ukaniuma kwa ajili ya Mama.

"Twende, Mama," nikasema. "Leo imefunikwa. Hakuna kitu."

Hakuinuka. Uso wake ulikuwa umeelekea juu, kama mtu anayetafuta ndege angani.

"Kile cheupe ni nini?"

"Wapi?"

Akanishika mkono, akauinua. Akazidi kuuinua mpaka bega likavuta.

"Hayo ni mawingu, Mama."

"Mawingu hayatulii hivyo."

Nikatazama vizuri. Mawingu yalikuwa yanasogea, ndiyo, lakini yalikuwa yanapita chini ya kile cheupe, na chenyewe hakikusogea. Kilikuwa na mikunjo. Kilikuwa na kivuli upande mmoja. Nilipofuata ukingo wake kwa macho, uliendelea, ukaendelea, kutoka mwisho mmoja wa dunia hadi mwingine. Ile niliyokuwa nikiiita mbingu ilikuwa mlima. Kinoti, aliyekuwa na mzaha kwa kila kitu, alivua kofia.

Mama mmoja wa pale alikuwa anapanda na mzigo wa majani mgongoni, mkubwa kumzidi mwenyewe. Alituona tumeduwaa, akaelekeza kidevu juu. "Baraf," akasema kwa Kihindi.

"Barafu," Mama akaitikia, na wote wawili wakacheka kama watu waliokutana kisimani.

Kisha Mama akasimama, akakaza kitambaa chake cha kichwa kama anavyofanya mlangoni mwa kanisa. Akageuza kichwa taratibu sana, kwa kuwa lile bomba lake lilitosha kilele kimoja tu kwa wakati. Aliichuma ile milima kama alivyokuwa akichuma majani chai nyumbani, mmoja mmoja, bila kuruka.

"Wetu umekaa peke yake," akasema. "Hii imekuja ukoo mzima."

Ukungu ulipofunga, akanipa mkono. "Basi. Nimeshachukua."

Macho yake yalizima kabisa baadaye. Mimi nikaja huku, na kazi yangu hadi leo ni kutunza wazee. Nawashika mkono barafuni kutoka mlangoni hadi kwenye gari, na bado nawatangazia njia. Siku za mapumziko miguu hainitulii, nazurura kwenye vijia vya miti kando ya Mississippi. Theluji ikianza, nampigia Mama simu.

"Imetulia au inasogea?" huniuliza.

"Inaanguka, Mama."

"Basi hayo bado ni mawingu."

Mwanangu, wewe unayetoka zamu ya kazi kule mjini Shakopee ukiwa umechoka, ukitazama barabara tu hadi nyumbani, ipo siku utashika mkono wa mtu asiyeona hatua zake. Mwangalizie miguu, wala usione aibu kumtangazia kila jiwe. Ila usidhani kwamba kwa kuwa unaiona njia, unaona yote. Muulize yeye anaona nini. Na kabla hujamwambia mtu aliyetoka mbali kwamba hakuna kitu, tazama tena, juu zaidi ya pale ulipozoea kutazama.

Mungu akushikilie barafuni. Akupe wa kumwongoza, na huyo akuinulie mkono mpaka bega livute.